Tarihi si Kumbukumbu: Tuwafunze Vijana Kusimulia Tukio Moja

Mwalimu yeyote wa Kiswahili ambaye amewahi kusahihisha tawasifu za wanafunzi wake anaijua insha hii hata kabla hajafungua daftari. Mwandishi alizaliwa tarehe fulani katika hospitali fulani. Yeye ni mtoto wa tatu katika aila ya watoto sita. Alijiunga na shule ya msingi mwaka fulani, akafanya mtihani, akapata alama kadha wa kadha, akajiunga na shule ya upili. Uraibu wake ni kusoma vitabu na kutazama kandanda. Azma yake ni kuwa daktari au mhandisi. Insha imekwisha, kurasa mbili zimejaa, na msomaji hajakutana na mtu hata mmoja.

Simlaumu mwanafunzi. Ameandika alivyofunzwa. Kielelezo alichopewa kilimwelekeza kupanga maisha yake kama fundi apangavyo matofali, tarehe juu ya tarehe, naye akatii. Hata hivyo, ni wajibu wetu sisi tunaofundisha lugha kuuliza kama kazi hiyo ni tawasifu kweli, au ni fomu ya kuombea kazi iliyovishwa joho la insha.

Jawabu tunalo katika vitabu vyetu wenyewe vya fasihi simulizi. Humo tunawafundisha vijana kwamba miongoni mwa masimulizi ya kihistoria kuna tarihi na kuna kumbukumbu. Tarihi huorodhesha matukio kwa mpangilio wa kutokea kwake. Kumbukumbu huchukua tukio lililomgusa mtu au jamii, likasimuliwa na maana yake ikadhihirishwa. Kijana huikariri tofauti hii kwa ajili ya karatasi ya fasihi, kisha anapogeukia karatasi ya insha akaandika tarihi tupu, nasi tukamtuza. Hoja yangu leo ni kwamba twapaswa kumfunza kuandika kumbukumbu: tukio moja, lililombadilisha, lililoelezwa na aliyekuwapo.

Wenyeji wa ufuo wa Ziwa Victoria hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wazee husimulia kuwa zamani lilikuwa kijiji. Bikizee mmoja alifika usiku wa sherehe akiomba hifadhi, akafukuzwa, na mvua ikanyesha hadi kijiji kikazama na watu wake. Wanajiolojia wanalieleza ziwa hilo kama kasoko la volkano, nasi hatubishani nao. Ninalotaka msomaji alitazame ni jinsi jamii ilivyochagua la kuhifadhi. Haikuhifadhi orodha ya wakuu wa kijiji wala miaka ya kuzaliwa kwao. Ilihifadhi usiku mmoja, mgeni mmoja na mlango mmoja uliofungwa. Vizazi vimepita na mtoto wa Karachuonyo hadi leo aweza kukusimulia.

Marehemu Profesa Bethwell Ogot alilielewa jambo hili kuliko wengi. Kitabu chake kuhusu historia ya Waluo wa kusini, kilichochapishwa mwaka 1967, kilisimama juu ya masimulizi ya wazee wakati ambapo wanahistoria wengi hawakuamini kwamba neno la mdomo laweza kuwa ushahidi. Baadaye alijigeuzia kalamu mwenyewe, akatoa tawasifu yake mwaka 2003. Mkewe, Grace Ogot, muuguzi, mwandishi na mbunge wa zamani wa Gem, naye akatoa yake mwaka 2012. Vitabu vyote viwili vilichapishwa na Anyange Press ya papa hapa Kisumu. Fikiria, ewe mwalimu, utajiri wa jambo hilo: nyumba moja, ndoa moja, na mashahidi wawili, kila mmoja akiwa na kalamu yake. Hakuna darasa bora zaidi la kumwonyesha mwanafunzi kwamba maisha yale yale, yakitazamwa kwa macho mengine, huwa simulizi nyingine.

Mfano wa pili umevuka bahari. Mwaka 1995, Barack Obama, ambaye wakati huo hakujulikana nje ya Chicago na vyuo alivyosomea, alichapisha kumbukumbu ya kumtafuta baba yake. Kilele cha kitabu hicho hakiko Marekani. Kiko Alego, katika boma la Kogelo, ambako kijana huyo aliketi akasikiliza historia ya ukoo wake kutoka kwa Mama Sarah, naye Auma, dada yake, akitafsiri kutoka Kidholuo. Auma mwenyewe alikuja kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikatoka mwaka 2010. Ndugu wawili, baba mmoja, na lugha mbili za kigeni, lakini chemchemi ya maneno ilikuwa kinywa cha ajuza mmoja wa Siaya aliyesimulia kwa lugha yake.

Hapo ndipo penye dukuduku langu. Kumbukumbu hizi zote za watu wetu wa ziwani zimeandikwa kwa lugha za kigeni. Grace Ogot, aliyethubutu kuandika hadithi kwa Kidholuo na kutupa Miaha mwaka 1983, alipofika kwenye maisha yake mwenyewe alitumia Kiingereza. Sisemi walikosea, kila mwandishi ana hadhira yake. Nasema tu kwamba Kiswahili hakina sababu ya kuona haya katika uwanja huu. Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, alituachia maelezo ya safari zake kwa Kiswahili. Shaaban Robert alituandikia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Katika miaka ya karibuni, Adam Shafi ametupa Mbali na Nyumbani, na marehemu Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, alituachia Nasikia Sauti ya Mama. Njia ipo na imekwisha kukanyagwa. Kinachokosekana ni nyayo zetu sisi wa pande hizi.

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani mwanafunzi wa Kisumu asipoandika kumbukumbu? Nitajibu kwa tukio moja.

Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Nchi ilikuwa na majonzi na hasira, kwani Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo huo na kuzikwa kisiwani Rusinga. Mbele ya umati kukazuka majibizano makali baina ya Rais na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU. Ghasia zikafuata, vikosi vya usalama vikafyatua risasi, watu wakafa. Serikali ilitaja watu 11. Tangu siku hiyo wapo wanaoshikilia kwamba waliokufa ni wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini.

Sasa tafuta tukio hilo katika kumbukumbu za wakubwa. Kitabu mashuhuri cha Jaramogi kilitoka mwaka 1967, yaani miaka miwili kabla. Mwanawe Raila, ambaye tawasifu yake ilitoka mwaka 2013, mwaka huo wa 1969 alikuwa masomoni Ujerumani Mashariki. Walioliona tukio kwa macho ni watu wa kawaida: wachuuzi wa Kibuye, makuli wa bandarini, wauguzi, walimu, watoto waliokwenda kumwona Rais. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 12 siku hiyo sasa amevuka miaka 65. Hospitali yenyewe imebadilishwa jina, nayo leo inaitwa kwa jina la Jaramogi, ingawa wenyeji wengi wangali wanaiita "Russia". Jina hilo la mtaani ni kumbukumbu iliyobaki midomoni, lakini jina haliwezi kusimulia. Kila mwaka tunazika mashahidi kadhaa, na kila mmoja anaondoka na ukurasa ambao hakuna mwingine awezaye kuuandika.

Watu wetu si mabubu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasilisha ripoti yake Mei 2013, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi wa Kenya nzima, na mauaji ya Kisumu ni miongoni mwa mambo iliyoyachunguza. Watu walipoulizwa, walisema. Lakini tume huuliza maswali ya tume: nani, lini, wapi, wangapi. Hutafuta yaliyotokea kwa ajili ya haki, na ni vyema iwe hivyo. Haiulizi mama alikuwa amepika nini siku ambayo mwanawe hakurudi. Swali hilo lina mwenyewe, naye ni mwandishi wa kumbukumbu.

Tuje basi kwenye kazi ya darasani, na mimi kama mtu wa isimu nianze na sarufi, kwa maana sarufi ndiyo mashua ya kumbukumbu. Nitatoa mfano wa jambo dogo la kwetu. Mwaka 1998, nilipokuwa kijana wa shule, gugumaji lilikuwa limeifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam. Naweza kuandika hivi: "Mwaka 1998 gugumaji lilivamia ghuba yetu. Wavuvi walipata hasara. Samaki waliadimika sokoni. Baadaye gugu lilipungua." Sentensi zote ni za kweli, na hakuna mtu ndani yake. Hiyo ni tarihi. Au naweza kuandika hivi:

"Alfajiri hiyo tulishuka ufuoni na mabeseni mawili kama siku zote. Maji hayakuwapo. Palipokuwa ziwa palikuwa na shamba la kijani, limeenea hadi upeo wa macho, na maua ya zambarau yakitikisika juu yake. Mama akaweka beseni lake chini. Tukasikia wavuvi wakiitana ndani ya majani, lakini mashua hatukuiona hata moja. Jua likapanda. Sauti zikawa zikipungua kwa uchovu, nasi tungali tumesimama. Mwisho Mama akaniambia niyabebe mabeseni yote mawili. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba karo yangu ilikuwa ikitoka majini."

Tazama viambishi vinavyofanya kazi. Kiambishi -li- kimetumiwa katika "tulishuka" kufungua mlango wa wakati uliopita, kisha kikakaa kando. Kiambishi -ka- kikashika usukani na kuvusha kitendo kimoja hadi kingine: akaweka, tukasikia, likapanda. Kiambishi -ki- kikaandaa mandhari ambamo jambo lilikuwa likiendelea: yakitikisika, wakiitana. Na "tungali" imesimamisha saa. Mwanafunzi wetu huandika "nilienda, niliona, nilirudi, nililala", -li- juu ya -li-, kila kitendo kikifungua mlango mpya na hakuna anayeingia ndani. Nionavyo, hatuna upungufu wa vijana wenye mambo ya kusimulia. Tumewafunza nyakati za vitenzi kama jedwali la kukariri, tusiwaonyeshe zinavyosafirisha simulizi.

Tazama pia kauli ya kutendwa. Lugha yetu ina kiambishi -w- ambacho chaweza kumficha mtenda pasi na mtu kushtuka. "Watu walipigwa risasi." Na nani? Sarufi haidai jibu. Ripoti za wakubwa hupenda kauli hii, na mwanafunzi huiiga akidhani ndiyo adabu ya uandishi rasmi. Mwandishi wa kumbukumbu hana budi kuiogopa. Kama alimwona aliyefyatua, na aseme alimwona. Kama hakumwona, na aandike, "Nilisikia mlio, sikumwona aliyefyatua." Sentensi hiyo ya pili ni fupi, na ina uzito kuliko kurasa kumi za shutuma, kwa kuwa msomaji anajua mpaka wa macho ya shahidi.

Hapa Kiswahili kinatupa zana nyingine ambazo hatuzithamini. Tuna "niliona", tuna "niliambiwa", tuna "yasemekana", na tuna "eti", neno dogo linalomruhusu msemaji kulipeleka jambo mbele bila kulidhamini. Kila tukio kubwa maishani tunalikumbuka kwa tabaka tatu: tuliyoyashuhudia, tuliyosimuliwa na jamaa, na tuliyoyasoma baadaye. Mtoto wa Kondele au Nyalenda aliyekuwa na miaka mitano wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 atakumbuka pengine moshi na mkono wa baba uliomvuta chini ya kitanda. Mengine yote aliambiwa. Mfunze ayatenge matabaka hayo kwa maneno wazi, na simulizi yake itaaminika. Yakichanganyika, hata lile aliloliona kweli litatiliwa shaka.

Kuna na suala la lugha ya mama. Mwanafunzi wa Luo Nyanza huishi tukio kwa Kidholuo, kisha akatakiwa kuliandika kwa Kiswahili. Kidholuo humpa maneno yanayoutenga wakati uliopita kwa umbali wake: nyoro ni jana, nyocha ni juzi, nene ni ya zamani. Kiswahili humpa -li- moja ibebe yote, ya asubuhi na ya miaka 50 iliyopita. Asipoongeza vielezi vya wakati, maisha yake yote yataonekana kutokea siku moja. Aidha, kuna maneno ya nyumbani yasiyokuwa na visawe. Dala ni zaidi ya nyumba. Simba, kwa Mluo, ni kibanda cha kijana wa kiume ambaye hajajenga boma lake. Mwanafunzi akiandika kwamba alilala katika simba, msahihishaji wa kutoka Mombasa atadhani mtoto amemezwa na mnyama. Dawa si kulifuta neno. Dawa ni kuliandika na kulieleza kwa kifungu kimoja, kisha kusonga mbele. Kiswahili kimekua kwa kupokea, na ziwa lina mengi ya kukipa zaidi ya omena na mbuta.

Nitaje na tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kumbukumbu yako ina watu wengine ndani yake, na hao hawakuomba kuandikwa. Mwanafunzi anayesimulia ugonjwa wa shangazi au ugomvi wa wazazi ajiulize kama yupo atakayedhurika, na kama yupo, abadilishe jina au aombe idhini. Mwalimu naye asiisome insha ya namna hiyo mbele ya darasa bila ruhusa ya mwenyewe. Asimlazimishe mtoto kufukua kaburi ambalo hayuko tayari kulifukua. Tukio lenye maana si lazima liwe msiba. Siku ya kwanza kupanda matatu peke yako yatosha.

Ya pili ni ya uzushi. Hakuna mtu anayekumbuka mazungumzo ya miaka 20 iliyopita neno kwa neno. Obama alikiri katika utangulizi wa kitabu chake kwamba mazungumzo mengi ni makadirio ya yaliyosemwa, na kwamba baadhi ya wahusika wameunganishwa kutokana na watu kadhaa. Wapo waliomkosoa kwa hilo, lakini wasomaji hawakudanganywa, kwani aliwaambia mapema. Mfunze kijana kusema "nakumbuka aliniambia maneno kama haya". Kukiri mpaka wa kumbukumbu ni sehemu ya kumbukumbu.

Napendekeza basi kwa walimu wenzangu zoezi lisilohitaji vitabu vipya wala idhini ya wizara. Muhula ujao, kabla ya kumwagiza mwanafunzi aandike maisha yake, mwagize aandike saa moja ya maisha hayo. Mkataze kuanza na kuzaliwa kwake. Mwekee mpaka wa maneno 500. Kisha, wakati wa likizo, mtume kwa mtu mmoja aliyevuka miaka 65, awe wa Dunga, wa Mbita, wa Usenge au wa Homa Bay, amwombe amweleze siku moja tu ambayo hataisahau. Ayaandike aliyosikia kwa lugha iliyosemwa, ndipo ayalete kwa Kiswahili. Shule na iziweke kazi hizo katika maktaba yake, si katika jaa la takataka baada ya kusahihishwa. Katika miaka kumi, shule moja ya sekondari itakuwa na hazina ambayo mwanahistoria wa kesho atasafiri kuja kuisoma.

Nanyi wanafunzi, msiseme hamna la kuandika kwa kuwa hamjawa mawaziri. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hata aliyeishi kidogo ameona jambo ambalo mwingine hakuliona. Nendeni kwa bibi zenu na babu zenu likizo hii. Bebeni daftari, muwaulize kuhusu siku moja, kisha mnyamaze mwasikilize.